Chai ya Bafuni

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wa bafu nimeutia komeo, bomba nimelifungulia ili wadhani nafua. Mkononi nilikuwa na kikombe cha chai ya maziwa. Sukari nilikuwa naificha humo humo bafuni, ndani ya kopo tupu la sabuni ya unga.

Asubuhi hiyo nilimwambia mama mkwe, kwa macho makavu, kwamba sukari imekwisha tangu juzi. Alikunywa chai yake hivyo hivyo mpaka tone la mwisho, akasema, "Ahsante, mwanangu, imenichangamsha."

Nikakoroga kwa mpini wa mswaki wangu, maana kijiko kingegonga kikombe wakanisikia. Nikapiga funda la kwanza, nikafumba macho.

Kandambili zikaja zikiburuzika, zikasimama mlangoni. Nikaganda.

"Mwanangu," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, "mswaki wako kila siku naukuta unanata. Korogea hiki. Watoto wakikuulizia, nitawaambia unafua."

Kijiko kikapenya chini ya mlango, kikateleza kwenye sakafu yenye maji mpaka kikagusa kidole changu cha mguu. Nikashindwa kuinama kukiokota.