Bega la Dereva

Koplo mstaafu alipita kiti cha binti yake bila kusimama, fimbo ikigonga sakafu, akaelekea safu ya nyuma.

Binti alidhani baba amekosea kiti. Muuguzi aliyekuwa akiwafundisha wanajeshi wastaafu alikuwa ameeleza vizuri: iko siku mtu hukata kauli angali anapumua, na madaktari huhitaji mwingine wa kumuuliza. Basi kila mmoja ainuke, amshike bega atakayemsemea siku hiyo. Wazee wengi walikwenda kwa wake zao, wakitaniana kwamba hao wanawasemea tangu siku ya harusi.

Binti alikuwa amejiandaa. Ni yeye anayemwogesha baba tangu mapafu yake yalipochoka, na asubuhi hiyo njiani alimwapia: “Sitawaruhusu wazime mashine, baba. Hata iwe miaka kumi.” Koplo aligeukia dirisha.

Sasa mkono wake ulitua begani kwa Dereva, mwenzake wa jeshini.

Nani asiyejua kwamba hao wawili hawaivi chungu kimoja? Hawajasalimiana tangu vitani. Binti amekua akiisikia habari ile: baba yake mdogo alijeruhiwa tumboni, Dereva akapewa lori amkimbize hospitali, na Koplo humo humo amempakata mdogo wake. Katikati ya safari Dereva akalisimamisha lori. Baba mdogo akafia kando ya barabara, kwenye majani. Bibi alikwenda kaburini akimlaani Dereva, naye Dereva hakujitetea hata siku moja.

Binti aliinuka, machozi yakimlengalenga. Ilimuuma, wala hakuficha.

“Mimi damu yako niko hapa, baba. Unakwenda kwa aliyemuua baba mdogo?”

Dereva aliinamisha kichwa, akajaribu kuuondoa ule mkono taratibu. “Mwache mtoto akusemee, Koplo. Mimi nimeshazoea lawama.”

Koplo alizidi kumshika. Pumzi ilimkatikia, akasubiri mpaka ikarudi.

“Baba yako mdogo mwenyewe ndiye aliyeomba lori lisimame afe bila kutikiswa, mwanangu. Alituomba sote wawili. Mimi nilimwapia kama ulivyoniapia leo asubuhi. Huyu ndiye aliyemsikiliza.”