Redio ya Mwanabibi

"Simama hapa. Zima pikipiki kwanza," Bonifasia alisema.

Florian, dereva wa bodaboda wa kijijini kwao, Lundo, aliyempokea stendi ya Mbamba Bay, alisimama juu ya mteremko. Chini yao yalionekana mapaa ya Lundo, na nyuma ya mapaa, ziwa.

"Kuna nini, mama?"

"Nataka kusikiliza."

Jana alikuwa kwenye kibarua cha kuchuma kahawa huko juu, Mbinga, alipopigiwa simu: Tadea, binti yake wa pekee, homa imempanda, aje haraka. Kisha simu ikaisha chaji. Tangu hapo hakuwa ametia kitu mdomoni. Kuazima simu ya mtu aulize, aliogopa. Alitegemea masikio yake. Kijijini kwao mtu akifa, redio zote huzimwa mpaka azikwe. Hata Mwanabibi wa dukani, aliyeolewa hapo kutoka pwani, na ambaye redio yake hailali, huizima.

Chini kulikuwa kimya. Bonifasia alijishika kifua.

"Upepo unavuma kwenda ziwani, mama," Florian alisema upesi. "Ngoja nimwambie mke wangu niko njiani. Yule nikichelewa kidogo, kijiji kizima kinajua."

Alisogea pembeni na simu, akasema maneno machache. Aliporudi alianza kuukaza mzigo wa Bonifasia, ingawa haukuwa umelegea. Aliukaza taratibu sana.

Ndipo wimbo ukapanda kutoka chini.

Ulikuwa wimbo wa kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, ule ule walioimba kina mama wa kwao siku ya sherehe ya parokia, wakarekodiwa. Bonifasia alikuwa nao kwenye kadi ya kiredio chake, na Mwanabibi kwenye ya redio yake. Shambani, mgongo ukigoma na msimamizi akifoka, aliuwasha, na kikapu kilijaa bila yeye kujua. Sasa mabega yake yalishuka. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu jana.

"Redio ya Mwanabibi hiyo!" alicheka. "Twende, baba, twende!"

Mbele ya duka, mzee Tobias, mjumbe wao, aliinuka kutoka kwenye benchi, yeye ambaye magoti humsumbua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Redio ilikuwa juu ya kaunta, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Bonifasia alishuka, akatikisa mabega mara mbili kufuata ngoma. Wanawake waliokuwa pale walimpigia makofi. Mmoja aligeukia ukutani, akajifunga upya kitenge.

"Mama Tadea! Kahawa haijakuvunja kiuno bado?" Mwanabibi aliita.

"Kivunjike wapi! Chako ndicho kimeota kutu kwa kukaa dukani!"

Mwanabibi alicheka, akainama chini ya kaunta kutafuta kitu. Alikaa huko muda.

"Tadea anaendeleaje?" Bonifasia aliuliza.

Hildegardi, wifi yake, alikuwa ameshamshika mkono. "Pita hapa kwangu ule kwanza, wifi. Unatetemeka kwa njaa. Utamshikaje mtoto na mikono hii?"

Nyumba ya Hildegardi ilipakana na duka. Alimnawisha Bonifasia kwa maji ya moto, akamwekea ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani, waliopikwa kwa nyanya, akakaa naye mkekani akimsogezea mboga kila ilipopungua. Wimbo uliisha, ukaanza upya. Ukaisha, ukaanza tena.

"Leo Mwanabibi amekumbwa na kioda," Bonifasia alisema, mdomo umejaa.

"Amekupigia wewe. Kula, wifi."

Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Alikunywa maji, akajifuta.

"Nilibeba jiwe hapa," alisema, akigusa kifua. "Wimbo huu umelitua. Haya, nipeleke kwa mwanangu."

Akaanza kuimba pamoja na redio, huku akifunga vizuri kilemba chake.

Hildegardi alitoa vyombo nje. Mzee Tobias alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi.

"Amekula?"

"Amekula yote, baba. Na maji amekunywa."

Mzee aligeukia dukani, akamwinulia Mwanabibi mkono.

Redio ilizimwa. Ndani, Bonifasia aliimba peke yake mstari mmoja zaidi, kisha akaacha.