Sentensi Sita za Kuogelea

Babu alikuwa amenakili daftarini sentensi sita za Kifaransa kuhusu mchezo wa kuogelea, ili walau azungumze na mjukuu wake wa kike wa ughaibuni, asiyejua Kiswahili.

"J'aime la natation," akamsomea kwenye simu ya video. Ninapenda kuogelea.

Mjukuu akacheka, ameligeuzia bwawa mgongo. Nyuma yake, mdogo wake wa miaka miwili akateleza, akazama bila kishindo. Kandambili moja ya njano ikabaki ikielea.

"Geuka, mama. Mtoto anazama!"

Msichana akamkodolea macho, hajaambulia neno.

Babu akapekua daftari. Ninaogelea vizuri. Ninaogelea kila Jumamosi. Basi; hakuna ya kuzama.

"Natation," akapiga kelele, akigonga kioo kwa kidole. "Natation!"

Msichana akapiga makofi. "Bravo, Babu."