Jina Kwenye Mfuko wa Koti

Tulikuwa kwenye saiba, duka la intaneti mtaani Mbotela, binti yangu Khavere akijaza fomu ya kuomba shahada ya uzamili ya uandishi wa habari za biashara. Iliuliza: ungependa kuchunguza kampuni gani? Akaandika benki moja kubwa.

"Futa. Andika kiwanda cha baba yako," nikamwambia.

"Mama, watasema nataka kulipiza kisasi."

"Kwani hutaki?"

Wiki ile baba yake alipouawa na mashine kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, gazeti lilijaza ukurasa mzima kuhusu faida ya kiwanda. Mume wangu hakuandikiwa hata mstari mmoja.

Nilitoa koti lake la kazi mkobani, nikalitandaza juu ya meza.

"Mathe, hapa si kwa dobi!" mwenye saiba akacheka. Kisha akaona mkono wa kulia wa koti unaishia kwenye kiwiko, akarudi kwenye kiti chake.

Jina la kiwanda limeshonwa kwa uzi mwekundu juu ya mfuko wa kifua. Nililifua miaka kumi na minne aliyofanya kazi pale.

Khavere alifuta benki, akalinakili jina lile polepole. Chini yake waliuliza sababu, kwa maneno mia tano.

"Hayatatosha," akasema, akaanza.