Karani Mwenye Ulimi Safi

"Toka, mzee, toka haraka! Anavuka barabara!"

Mkubwa alichukua kikombe chake cha chai, akafungua mlango wa nyuma na kwenda kusimama uani, huko kwenye tangi la maji na kamba za kuanikia. Karani akaurudishia mlango, akakaa mezani, akanyoosha tai. Sasa angeweza kusema "ametoka" mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya kiti cha hukumu, bila kupepesa macho.

Tangu aokoke, miaka kumi na moja iliyopita, karani hakuwa amesema uongo hata mmoja. Wengine husema hivyo kwa kujisifu tu; yeye alimaanisha. Duka la viatu lilimfukuza kwa kumwambia mteja kwamba soli ile ingebanduka mvua ya kwanza. Hoteli nayo ilimfukuza, kisa aliulizwa kama samaki ni wa leo. Mara zote mbili mkewe alilia, maana watoto hawashibi dhamiri ya baba yao. Kwa hiyo alipopata kazi hii ya kupokea wageni na kugonga mihuri, alimshika mkewe mabega akamwambia, "Mama watoto, pumua. Hapa hata nikisema kweli, hakuna wa kunifukuza."

Wiki ya kwanza tu, mkubwa akiwa amejaa tele kitini, alimwagiza amwambie mgeni kwamba hayupo.

Karani alifunga siku tatu, akaomba, akapata ufumbuzi. Tangu hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Ili karani aseme "ametoka", mkubwa alitoka kweli. Ili aseme "yuko kwenye mazungumzo", mkubwa alisimama uani akamsemesha kuku wa jirani. Na ili aseme "leo sijamtia machoni", karani mwenyewe alifumba macho tangu asubuhi kila mkubwa alipopita, na mara mbili alijigonga kwenye kabati la mafaili. Tena lilikuwapo sharti moja: mkubwa asiseme kamwe atasimama pembe gani ya ua.

"Dhamiri yako itaniua kwa mafua," mkubwa alinung'unika siku za mvua, lakini alitoka. Karani mwaminifu kiasi hicho angempata wapi tena? Watu wenyewe walikuwa hawaishi, kila mmoja na shida zake, na wikendi za mkubwa zilikuwa za kazi tupu.

Mgeni wa leo alikuwa mama mmoja mtu mzima, viatu vimejaa vumbi. Hii ilikuwa mara yake ya tatu wiki hii.

"Mwanangu, mzee yupo leo?"

"Ametoka, mama."

"Jamani." Mama yule akajitupa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Kaka yangu yuko hospitali. Madaktari wamenyoosha mikono. Hali, hanywi, kazi ni kumuulizia mzee tu. Anasema haondoki duniani kabla hawajaonana. Wametoka mbali hao. Mzee alipoanza hapa hana kitu, kaka yangu ndiye aliyembebea mabenchi kichwani."

Karani aliitazama mihuri yake. Uani mtu alikohoa. Mama hakusikia, lakini karani alisikia.

"Kwani ameenda mbali?" mama akauliza.

Hilo swali hakuwa amejiandaa nalo. Mbali ni wapi? Hatua kumi na mbili ni mbali? Neno lilimfika kwenye meno: yuko nyuma ya mlango huo, mama, sukuma tu. Alimhurumia mama yule, alimhurumia kwelikweli. Halafu akamwona mkewe akilia kwa mara ya tatu, na watoto watatu wamekaa mkekani wanamtazama yeye. Akameza mate, na neno likashuka nayo.

"Alipo sasa hivi sipajui, mama," alisema. Na ilikuwa kweli tupu: labda tangini, labda kwenye kamba.

Mama alimkazia macho. "Wewe si mtu uliyeokoka, mwanangu?"

"Mwaka wa kumi na moja, mama. Kwa neema tu."

"Basi huwezi kunidanganya." Akainuka kwa kushika ukuta. "Angekuwa mtu mwingine ningesema ananificha. Mungu akuzidishie."

Alipotoka, karani alibaki ameutazama mlango. Aliyarudia maneno yake yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayechambua mchele, na hakuona hata punje moja ya uongo. Akashukuru kimoyomoyo, kisha akaanza kuyachambua upya.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa taratibu. "Ameenda?"

"Ameenda."

"Alitaka nini?"

"Kaka yake anakata roho, mzee. Anaomba akuone."

Mkubwa aliitazama saa ya ukutani, akashusha pumzi. "Hospitali yenyewe ng'ambo ya mji. Na nikimwendea mmoja, kesho watanitaka wote." Akaketi, akajifuta vumbi la uani, akaiweka sawa kola yake nyeupe shingoni. "Haya, chukua kalamu tumalize mahubiri ya Jumapili. Tuliishia wapi?"

Karani aligeuza karatasi, akasoma: "'Na sasa, wapendwa, hebu kila mtu ajiulize: juma hili nimemtembelea mgonjwa gani?'"