Siku ya Saba ya Ukimya

Katika machimbo ya zamani ya Lwabasi, hakuna familia iliyoruhusiwa kuhama mpaka kipima dhahabu kinyamaze siku saba mfululizo kiwanjani kwake. Kwa miaka kumi na moja Nyamizi alikipitisha kila asubuhi, na hakikukosa kulia: chini ya mafiga, chooni, hata kwenye udongo wa ukuta. Safari hii kilikuwa kimenyamaza siku sita. Binti yake Kabula alikaribia kujifungua huko Tabora, na mizigo ilikwisha fungwa.

Siku ya saba alizunguka kiwanja chote. Kimya. Alipokipitisha mbele ya mumewe, Masanja, aliyeketi kizingitini akikohoa, kipima kikalia.

"Vua shati, Baba Kabula."

Akavua. Kikalia tena, kifuani, mlimojaa vumbi la mawe ya dhahabu aliyoyasaga tangu ujana.

Sauti ya upole ya mlinzi wa machimbo ikatoka langoni: "Mama unaruhusiwa. Baba abaki."

"Nenda, Mama Kabula," Masanja alisema. "Mtoto anakungoja."

Nyamizi akaketi kando yake, akisikiliza anavyohema kwa shida. Alijikuta anahesabu pumzi zake, akaona aibu, maana alijua anasubiri ya mwisho.