Pete ya Unga wa Chuma

Benno alibandika kidole kwenye pete akaanza kuhesabu. Pete kumi na moja alizotengeneza kabla ya hii zote zilimfukuza kwa joto kabla hajafika nne. Leo alifika ishirini, na kidole bado kilikuwa palepale.

"Umesinzia hapo, fundi?" Mansoor alimtania. Mansoor alikuwa na malori yake uwanja wa jirani, na jeki yake ndiyo iliyoikandamiza pete hiyo.

"Shika mwenyewe."

Mansoor akashika. Akaitazama pete, akamtazama Benno. "Baridi kabisa hii!"

Ilikuwa saa tano asubuhi. Makambako nzima haikuwa na umeme tangu saa mbili, na ulitangazwa kurudi saa kumi jioni. Nyuma ya kibanda, ndani ya nyumba, Hulda mke wa Benno alikuwa kitandani na mrija wa oksijeni puani, mapafu yake yakiwa yamechakaa kwa maradhi ya miaka mitatu. Mashine ya oksijeni ilitumia betri mbili za lori zilizokaa kibandani, kupitia inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, aliyoiunda Benno mwenyewe.

Inveta hiyo ilikuwa na ugonjwa wake. Ndani yake umeme hupita kwenye koili iliyozungushwa kwenye pete ya unga wa chuma, ukiwaka na kuzima mara maelfu kwa sekunde moja. Chembe za chuma zikigusana, umeme huzurura ovyo kutoka chembe hadi chembe na kugeuka joto, na joto hilo ni chaji iliyopotea bure. Kila mashine ilipovuta umeme, pete ilichemka, na betri hazikudumu hata masaa manne. Mara ya mwisho Hulda alikimbizwa hospitali midomo ikiwa imebadilika rangi. Daktari alisema wazi kwamba safari nyingine hawatawahi.

Ndiyo maana Benno aliingia kwenye kazi ya kupika vyuma. Aliagiza unga laini kutoka Dar es Salaam, akauosha kwa ile dawa ya kutolea kutu wanayotumia wapiga rangi wa magari, ili kila chembe ivae utando wake mwembamba isigusane na mwenzake. Akatia gundi kidogo, akakandamiza kwa jeki, akaenda kuoka kwenye tanuri la mama muuza mikate. Hapo kwenye kuoka ndipo alipoteseka. Moto ukipungua pete inapukutika, ukizidi utando unaungua na kazi yote inaharibika. Watu wa mtaa wao wa Lyamkena walimcheka kwamba fundi redio sasa anaoka maandazi ya chuma. Hakujali. Alimpenda Hulda, na alikuwa amechoka kuogopa.

Mama mkwe wake, Esnath, alifika jana kutoka kijijini kuja kumuuguza bintiye. Alikuwa mama wa shamba, mpole, asiyependa kitu kipotee. Kwa heshima ya kwao mkwe haingii chumba alichokaa mama mkwe, kwa hiyo asubuhi hiyo umeme ulipokatika Benno aliishia kwenye pazia, akakohoa.

"Kamwene, mama. Leo hatuna umeme hadi jioni. Chaji ya betri ndiyo uhai wetu, ikiisha tumekwisha."

"Nimesikia, baba. Usiwe na wasiwasi."

"Benno, nenda kwenye pete yako," Hulda alisema kutoka ndani, akicheka kwa pumzi fupi. "Mimi nipo na mama."

Akaenda. Saa tatu pete ilikuwa na uvuguvugu. Alikaa akiikodolea macho, akiogopa hata kuigusa tena. Alipoigusa saa tano, ilikuwa imepoa.

Saa sita alisogea kwenye dirisha la chumba cha Hulda. Malori ya Mansoor yalikuwa yakipashwa injini kwa safari ya Songea, na ngurumo yake ilijaa hadi ndani ya nyumba, kwa hiyo ilibidi apaze sauti.

"Mama! Anaendeleaje?"

"Amelala vizuri," Esnath alijibu, mikono yake ikichambua maharage. "Usipige kelele, utamwamsha."

Benno akarudi kibandani kwa kunyata. Ilikuwa siku nyingi Hulda hajapata usingizi wa maana.

Saa saba alikagua betri. Mshale wa mita ulikuwa juu. Akagonga kioo, akaukagua tena. Masaa matano mazima tangu umeme ukatike, muda ambao betri hazikuwahi kuufikisha hata mara moja, na bado zilikuwa karibu zimejaa.

"Wenye viwanda umewaweza," Mansoor alisema, akimshika bega.

Benno alijaribu kucheka, akalia. Alilia kibandani mchana kweupe, mbele ya madereva, yeye ambaye hakulia hata mbele ya daktari. Sasa Hulda angeweza kulala bila mtu kuhesabu masaa. Angeweza kwenda Uwemba kuwaona wakwe zake Krismasi, mashine nyuma ya gari, bila kumwomba mtu umeme njiani. Angeishi. Neno hilo hakuwa amethubutu kulisema tangu mwaka jana.

Alijifuta uso kwa kitambaa cha kazi, akaingia ndani akasimama kwenye pazia. Akakohoa.

"Mama, pete imekubali! Betri hazijashuka! Mwamshe Hulda, nataka kumwambia mwenyewe."

"Zitashukaje, baba?" Esnath alijibu kwa furaha. "Mwenzio alipopata usingizi, ile saa nne, niliizima hiyo mashine, nikakutunzia chaji yako."